Kuku Hakui, Mnyoo Anasingiziwa

Ukikaa nusu saa kwenye duka la dawa za mifugo Mbagala, Chanika au Kibaha, utaisikia sentensi hii zaidi ya mara moja: "Kuku wangu wanakula vizuri ila hawakui." Jibu la muuzaji, mara nyingi kabla hata hajauliza kuku wana siku ngapi, ni chupa ya dawa ya minyoo. Mfugaji analipa na kuondoka ameridhika. Minyoo kila mtu anawafahamu tangu darasa la tatu. Wanaonekana kwa macho, wanachukiza, na kosa lao linaeleweka haraka: wako tumboni, wanakula chakula cha mwenye tumbo.

Kwa kuku wa nyama, yule anayeuzwa akiwa na wiki tano au sita, mshtakiwa huyu kwa kawaida hana kosa. Anayemdumaza ni kimelea cha seli moja kisichoonekana bila hadubini, Eimeria, ambacho wafugaji wanakijua kwa ugonjwa mmoja tu, kuhara damu. Damu isipoonekana, wanaamini hakipo. Hapo ndipo fedha inapopotelea.

Masika moja niliitwa bandani kwa mama mmoja pembezoni mwa Kibaha. Alikuwa na kuku 600 wa siku 24. Hawakuwa wakifa, alikuwa amepoteza tisa tu tangu waingie. Lakini walikuwa wadogo, na hawakulingana: huyu kama ngumi mbili, mwenzake karibu mara mbili yake.

"Dawa ya minyoo nimeshawapa mara mbili, daktari," aliniambia. "Au niongeze dozi?"

"Hapana, mama. Tuchinje mmoja kwanza tumwangalie."

Tulimchagua aliyejikunyata kando ya chombo cha maji, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka. Nilimfungua, nikavuta utumbo kuanzia kwenye firigisi na kuulaza juu ya mfuko mtupu wa chakula. Sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ile inayopinda na kulikumbatia kongosho, ilikuwa na mistari myeupe iliyokingama, inayoonekana hata kabla ya kupasua, mmoja chini ya mwingine kama vipago vya ngazi. Katikati utumbo ulikuwa umelegea na kuvimba. Nilipoupasua kwa mkasi, ulitoka ute mzito wa rangi ya chungwa na punje za mahindi zilizopita kama zilivyoingia. Tulitafuta mnyoo kutoka mwanzo wa utumbo hadi mwisho. Hatukumpata hata mmoja.

Kwa nini hatukumpata? Ni hesabu ya siku tu. Mnyoo mkubwa wa kuku, Ascaridia galli, ni mweupe, mnene kama tambi, na jike hufika sentimita 7 hadi 12. Mayai yake hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana madhara, na yanahitaji wiki mbili au tatu za joto na unyevu ndipo yaweze kuambukiza. Kifaranga akishalimeza yai lililokomaa, zinapita tena wiki tano hadi nane kabla mnyoo hajawa mzima na kuanza kutaga. Kuku wa nyama hana wiki nane. Hata angemeza yai siku ya kwanza aliyoshushwa bandani, siku ya 35 mnyoo huyo ndiyo kwanza anapevuka, na yai hilo halitoki hewani. Kuku wa nyama akikutwa na minyoo waliokomaa, basi kuna mayai aliyorithi: maranda ya kundi lililopita hayakutolewa, au kuku wa kienyeji wanaingia na kutoka bandani.

Sisemi minyoo hawana madhara. Viluwiluwi vya Ascaridia hujichimbia kwenye ukuta wa utumbo siku chache baada ya kumezwa, na huko huumiza na kutoa damu kabla mtu hajaweza kuviona kwa macho. Tegu wa jamii ya Raillietina hupitia kwa chungu na mbawakawa, wadudu wanaojaa kwenye maranda yaliyokaa muda mrefu. Kwa hiyo mwenye desturi ya kutumia maranda yaleyale kundi baada ya kundi ana haki ya kuwashuku. Na kwa kuku wa kienyeji habari ni nyingine kabisa: uchunguzi uliofanyika vijijini mkoani Morogoro na kuchapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kubeba minyoo ya aina kadhaa kwa pamoja ni hali ya kawaida kwa kuku wanaojitafutia chakula. Kuku hao, pamoja na wa mayai wanaokaa sakafuni mwaka mzima, dawa ya minyoo ni haki yao. Tatizo ni kuichukua kanuni ya kuku wa mwaka mzima na kumvisha kuku wa siku 35.

Eimeria kalenda yake ni nyingine. Tangu kifaranga ameze kimelea hadi atoe maelfu kwa maelfu ya vingine kwenye kinyesi ni siku nne hadi saba. Umbo linalotoka na kinyesi huitwa oosisti, punje ndogo yenye ganda gumu. Nayo ikitoka haijawa tayari; inahitaji hewa, unyevu na joto la nyuzi 25 hadi 30, na ndani ya siku moja au mbili inaiva. Pwani yetu inatoa hali hiyo bure mwaka mzima, na masika inaizidisha. Katika maisha ya kuku mmoja wa nyama mzunguko huu unaweza kurudiwa mara nne au tano, kila mara ukikuta banda lina mbegu nyingi kuliko mara iliyopita. Ndiyo maana balaa hujitokeza kati ya wiki ya tatu na ya tano, na si siku za mwanzo.

Oosisti moja iliyoiva hubeba viumbe wanane. Firigisi huvunja ganda, nyongo na vimeng'enya vya kongosho humalizia kazi, na wanane wale hutoka na kuingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo. Tazama ukatili wa jambo hili: mfumo uleule wa kusaga chakula ndio unaomfungulia adui mlango. Wakiwa ndani ya seli wanagawanyika, seli inapasuka, watoto wanaingia seli za jirani, nazo zinapasuka.

Mmarekani Ernest Tyzzer alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1929 kwamba hizi Eimeria za kuku ni aina tofauti, kila moja na makao yake. Kwa muda mrefu zimehesabiwa saba, na kwa mfugaji wa kuku wa nyama tatu ndizo za kuzijua. Eimeria tenella hukaa kwenye ile mifuko miwili mirefu iliyo mwishoni mwa utumbo. Inachimba chini sana, mishipa inapasuka, na siku ya tano au ya sita damu inamwagika. Hii ndiyo inayoua na ndiyo iliyouchukua umaarufu wote. Eimeria acervulina hukaa juu, mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na ndiyo iliyochora ile ngazi nyeupe niliyoiona Kibaha. Eimeria maxima hukaa katikati na kuacha ute wa rangi ya chungwa. Hizi mbili haziui kuku wengi. Zinakaa mahali pabaya zaidi kwa mwenye kununua chakula: palepale ambapo chakula kinageuzwa kuwa mwili.

Ukuta wa ndani wa utumbo wa kuku mwenye afya ukiugusa ni laini kama zulia. Umejaa vinyuzi vidogo mno vinavyoongeza eneo la kufyonza chakula, na kila kinyuzi kimevikwa seli zenye vimeng'enya vya kumalizia kusaga. Eimeria inapoua seli hizo, vinyuzi hufupika na zulia linakuwa kipara. Mwili unakimbilia kuziba pengo kwa seli changa, ambazo hazijajua kazi: hazina vimeng'enya vya kutosha na hazifyonzi vizuri. Protini ya soya na wanga wa mahindi vinapita bila kuguswa. Mafuta ndiyo huathirika sana, na pamoja nayo vitamini zinazosafiri ndani ya mafuta, hasa A na E. Rangi ya njano ya mahindi nayo haifyonzwi, na miguu ya kuku inapauka. Mnunuzi wa sokoni anayeangalia miguu kabla ya kutoa bei hajui jina la kimelea, ila anausoma utumbo kwa nje.

Lipo na jingine lisiloonekana. Ukuta uliojeruhiwa unavuja, hivyo protini ya damu inarudi kwenye utumbo. Kuku anakosa anacholishwa na anapoteza alichokuwa nacho. Wakati huohuo mwili unatumia nguvu na protini kupigana vita ya kinga, protini ambayo ingekuwa kifua na paja. Juu ya yote hamu ya kula inashuka, na sehemu kubwa ya uzito unaopotea siku zile za ugonjwa hutokana na kula kidogo. Hapa ule usemi wa "wanakula vizuri" unastahili kuhojiwa. Mara nyingi maana yake ni kwamba jioni vyombo vimekutwa vitupu. Lakini chakula kilichopekuliwa na kumwagwa kwenye maranda nacho huacha chombo kitupu. Asiyepima chakula kinachoingia na uzito wa kuku hawezi kujua kama wanakula vizuri.

Kuku akipona huanza tena kukua kwa kasi, na akipewa muda anaweza kufidia sehemu ya alichopoteza. Muda ndio hana. Kifaranga anaingia na gramu 40 na anatakiwa awe na kilo mbili, pengine kabla siku 40 hazijatimia. Akisimama wiki moja, amepoteza sehemu ya tano au ya sita ya uhai wake wote.

Tuweke hesabu. Tuseme una kuku 1,000, na katika hali nzuri kila kilo ya uzito inakugharimu kilo 1.6 ya chakula. Kuku wa kilo mbili amekula kilo 3.2. Ugonjwa wa chini kwa chini ukiisogeza hesabu hiyo hadi 1.75 tu, atakula kilo 3.5 kufika palepale. Gramu 300 kwa kuku mmoja hazishtui mtu, ila kwa kuku 1,000 ni kilo 300, yaani mifuko sita ya kilo 50 iliyopita tumboni na kwenda kuwa samadi. Na kwa kuwa hapa kwetu kuku wengi huuzwa wakiwa hai, kwa jicho na kwa mkono, hasara hii hujificha ndani ya siku. Mchuuzi anayepeleka kuku kwenye vibanda vya chipsi anamnyanyua mmoja, anamrudisha chini: "Bado hawa, nipigie Jumamosi." Kuku wa umri huo hula kama gramu 150 kwa siku, au zaidi. Elfu moja wanamaliza mifuko mitatu kila siku unayosubiri. Chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zote za ufugaji huu, na siku nne za kusubiri zinatosha kuila faida yote bila kuku hata mmoja kufa.

Si sisi tu. R. B. Williams alipopiga hesabu za Uingereza kwa mwaka 1995, hasara ya ugonjwa huu ilifika pauni milioni 38.6, na zaidi ya asilimia 80 yake haikuwa bei ya dawa. Ilikuwa vifo, uzito uliokosekana na chakula kilichopotea. Mwaka 2020 Damer Blake wa Royal Veterinary College, London, na wenzake waliirudia hesabu hiyo kwa takwimu za nchi kadhaa, Nigeria na Misri zikiwemo, wakakadiria hasara ya dunia nzima kuwa takriban pauni bilioni 10 kwa mwaka kwa bei za 2016. Kule Uingereza wamezoea kupima kuku na chakula kila wiki, na bado inawapata. Sisi tusiopima inatupata bila kuacha risiti.

Chanzo kikubwa kiko chini ya miguu ya kuku. Chota maranda kiganjani, fumba ngumi, kisha fumbua: yakisambaratika yako sawa, yakibaki donge, yana maji ya kutosha kuivisha oosisti. Fanya hivyo karibu na vyombo vya maji, kwa maana ndiko tatizo linakoanzia. Ukingo wa chombo unatakiwa ulingane na mgongo wa kuku na unyanyuliwe kila wanapokua. Ukiachwa chini, kuku wanakanyaga, wanamwaga, na eneo la mita moja kuzunguka chombo linakuwa shamba la vimelea. Wengi hujilinda kwa kunyunyizia dawa za kuua vijidudu. Zinaua bakteria na virusi, lakini ganda la oosisti hulivumilia dawa nyingi za kawaida. Linachoshindwa kuvumilia ni ukavu na joto kali. Maranda yaliyotolewa, yakarundikwa mbali na banda na kufunikwa turubai, hujipasha moto yenyewe na kuua vimelea vingi kabla hayajaenda kwenye mahindi.

Kwenye dawa nataka kukaa kidogo, maana makosa mengi ninayokutana nayo yako huku. Kwanza, dawa ya minyoo haiui Eimeria. Piperazini, levamisoli, albendazoli, zote kazi yao ni minyoo, na mfugaji anayezirudia kwa kuku waliodumaa ananunua siku za ugonjwa kuendelea. Dawa za salfa ndizo zilizofungua njia: sulfakwinoksalini ilipoanza kuchanganywa kwenye chakula mwaka 1948, ilisaidia kuwezesha kufuga maelfu ya kuku sakafuni pamoja. Lakini inapingana na vitamini K, na ikizidishwa huleta kutoka damu mwilini. Mfugaji akiona damu anaongeza dozi, na mambo yanaharibika zaidi.

Amproliamu, inayouzwa kila duka, hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1. Kimelea kinaipokea kikidhani ni chakula, kinakosa B1 halisi, kinashindwa kuzaliana. Sasa angalia tunachokifanya kila siku: mfugaji ananunua amproliamu na pakiti ya vitamini, kwa nia njema ya kuwatia kuku nguvu, anavikoroga kwenye ndoo moja. B1 iliyomo kwenye pakiti inakwenda moja kwa moja kuidhoofisha dawa aliyoinunua. Kamilisha dozi kwanza, vitamini zije baadaye; A na K hapo zina kazi ya maana katika kuponya utumbo.

Lipo kundi la dawa zinazowekwa kiwandani ndani ya chakula, kama monensini, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1971, na salinomaisini. Hizi hukizuia kimelea mapema huku zikiacha vichache vya kumjengea kuku kinga. Anayejichanganyia chakula mwenyewe ili kupunguza gharama, jambo ninalolielewa kabisa, mara nyingi hana kitu hiki kwenye mchanganyiko wake na hajui kwamba alikuwa nacho zamani. Na wanaonunua cha kiwandani wajue mambo mawili. Chakula chenye dawa hizi ni sumu kali kwa farasi na punda, hivyo mabaki yasimwagwe wanakopita. Pia dawa ya mafua iitwayo tiamulini ikikutana na monensini au salinomaisini mwilini, kuku hupooza miguu na hata kufa. Muulize muuzaji kabla hujaichanganya kwenye maji.

Dawa ileile ikitumika miaka nenda miaka rudi, vimelea huizoea. Ndiyo maana wafugaji wakubwa hubadilisha aina kwa mpangilio, au hutumia chanjo ya vimelea hai, iliyoanza Marekani mwaka 1952. Chanjo hii inataka kuku aimeze tena na tena kutoka kwenye maranda ili kinga ikomae, na kinga ya aina moja ya Eimeria haimlindi na nyingine, kwa hiyo lazima iwe na mchanganyiko wa aina. Ukiiweka na chakula chenye dawa ya kuzuia Eimeria, umeiua chanjo yako.

Nimwongeze na dagaa, kwa sababu yuko katika karibu kila mchanganyiko wa chakula Kanda ya Ziwa na Pwani. Ni protini nzuri. Lakini utumbo ulioliwa na Eimeria unaacha protini nyingi bila kufyonzwa, na protini hiyo, pamoja na ile inayovuja kutoka kwenye damu, ni karamu kwa bakteria Clostridium perfringens. Unga wa samaki ukiwa mwingi kwenye chakula unajulikana kuichochea. Ukuta wa utumbo unaanza kuoza na kuonekana kama taulo chafu, na kuku wanene hufa ghafla. Wiki ambayo Eimeria imethibitishwa si wiki ya kuongeza dagaa ili kuku "washike mwili."

Yule mama wa Kibaha alitoa maranda yote yaliyoganda, akanyanyua vyombo vya maji kwa matofali, akawapa amproliamu siku tano kamili huku pakiti ya vitamini ikisubiri juu ya rafu. Kuku wake walitoka siku ya 42 badala ya 35. Wiki nzima ya chakula aliibeba yeye. Kabla ya kuingiza kundi lililofuata alinunua mzani wa kuning'iniza na daftari la mistari, akawa anapima kuku kumi kila Jumapili, walewale wa kila kona ya banda.

Siku ya 21 ya kundi hilo alinipigia simu alfajiri.

"Daktari, uzito wa jana uko chini ya nilivyotegemea. Hawajikunyati, hakuna aliyekufa, damu hakuna."

Nilimwambia ninakuja tumpasue mmoja.

"Nimeshapasua," akasema. "Ngazi ipo, ila ni vipago viwili tu."